Kipimo cha kunusa: maswali yanayojirudia kila siku hapa Mwanza

Haya ni maswali ninayoyajibu karibu kila wiki, kliniki, kwenye daladala, mpaka msibani, maana watu wakishajua unahusika na mambo ya pua wanakuvuta pembeni. Nimeanza na ya kawaida kisha nikaenda kwenye yale magumu. Hayachukui nafasi ya daktari, ila ukienda ukiwa umeyasoma utajua cha kuuliza.

## Mambo ya mwanzo

1. Hivi kunusa nako kunapimwa hospitali?

Ndiyo, na unapewa namba kabisa, kama unavyopimwa macho ukaambiwa jicho hili lina nguvu kiasi gani. Wanaohusika ni madaktari wa masikio, pua na koo, wengi wanawaita ENT. Kwa huku kanda ya ziwa hospitali ya rufaa ni Bugando, na ya rufaa ya mkoa ni Sekou Toure, lakini kawaida unaanzia kituo cha afya cha karibu wakuandikie rufaa. Seti kamili za kupimia hazipo kila hospitali, kwa hiyo piga simu au mtume mtu akaulize kabla hujavuka daraja la Busisi kutoka Sengerema au hujapanda meli kutoka Ukerewe.

Halafu kuna jambo la lugha. Sisi tunasema "kusikia harufu", sasa mtu anafika mapokezi anasema "sisikii vizuri" na mhudumu anaelewa masikio. Nimemuona mama mmoja amepimwa masikio yote mawili, majibu safi kabisa, anarudi amekasirika anasema mimi nilisema sisikii harufu jamani. Wewe sema hivi: "siwezi kunusa, pua haipati harufu." Hapo hakuna wa kukuelewa vibaya.

2. Pua inanusaje kwani?

Juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, kuna kieneo kidogo chenye seli za kunusa. Chembechembe za kitu zinapanda na hewa, zinagusa zile seli, na zile seli zinapeleka taarifa kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu wa kwanza kati ya ile 12 ya kichwani. Binadamu ana aina kama 400 za vipokezi vya harufu, na harufu moja inagusa kadhaa kwa pamoja ndio maana tunatofautisha vitu vingi sana. Linda Buck na Richard Axel walitoa kazi yao kuhusu jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo tatizo linaweza kuwa sehemu tatu: hewa haifiki juu (pua imeziba), seli zenyewe zimeumia, au njia ya kwenda kwenye ubongo au ubongo wenyewe una shida. Karibu maswali yote ya huko chini yanarudi hapa.

3. Mimi nimepoteza ladha, sio harufu. Mbona wananipima pua?

Kwa sababu kwa watu wengi hiyo ladha unayoililia ni harufu. Ulimi unajua tamu, chumvi, chachu, chungu na ule utamu wa supu ya nyama, basi. Mengine yote, sato wa kukaanga asifanane na sangara, pilau isiwe wali wa njano tu, yanatoka kwenye harufu inayopanda kutoka mdomoni kwenda puani kwa nyuma ya koo. Jaribu: ziba pua, weka kipande cha embe mdomoni, tafuna. Utapata utamu tu. Achia pua, embe linarudi lote. Kama hata chumvi na sukari huzipati, hilo ni tatizo la ulimi kweli, mwambie daktari.

4. Si ningejua mwenyewe kama sinusi?

Sio lazima. Harufu ikipungua pole pole, miezi au miaka, mtu anazoea na haoni tofauti. Wanaogundua ni watu wa nyumbani: mboga inaungua jikoni na yeye amekaa hapo hapo, au anajipulizia marashi mpaka wengine wanafungua dirisha. Kuna pia upande wa pili, mtu anasema hanusi kitu kabisa na akipimwa tunakuta ananusa kwa kiasi. Ndio maana sitaki watu waishie kusema "nahisi", kwenye jambo hili kuhisi kunadanganya pande zote mbili.

## Siku ya kipimo

5. Nijiandaeje?

Usijipulizie marashi wala udi kwenye nguo siku hiyo. Angalau dakika 15 kabla usile, usivute sigara, usitafune bigijii, kunywa maji tu. Kama una mafua mabichi sema, pengine wataahirisha, kwa sababu watakuwa wanapima mafua. Beba orodha ya dawa unazotumia, zipo zinazoharibu harufu na ladha. Na kama umetoka Mwaloni, lile soko la samaki la Kirumba, asubuhi kwenye magunia ya dagaa, badilisha nguo, sikudharau, ni kwamba ile harufu inaingia chumbani na kuchafua kipimo (soma pia swali la 22).

6. Wanapimaje hasa?

Inategemea wana kifaa gani. Viwili vinatumika sana duniani.

Cha kwanza ni kijitabu cha Marekani, cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kilitoka mwaka 1984, kazi ya Richard Doty na wenzake. Kina harufu 40, kila ukurasa una kipande unakikwangua kama ulivyokuwa unakwangua vocha ya simu, unanusa, unachagua jibu moja kati ya manne. Hata kama huna uhakika lazima uchague. Dakika 10 hadi 15 umemaliza.

Cha pili ni kalamu za Kijerumani, ukiziona utadhani maka peni, badala ya wino zimejazwa harufu. Anayekupima anavaa glovu zisizo na harufu, anafungua kifuniko, anaishika kalamu kama sentimita 2 mbele ya pua zako kwa sekunde tatu nne hivi, halafu anafunga. Sehemu ni tatu. Ya kwanza inapima harufu hafifu kiasi gani unaipata. Ya pili inapima kutofautisha, unanusishwa kalamu tatu, mbili zinafanana moja hapana, unasema ipi. Ya tatu ni kutaja, kalamu 16, kila moja ina majibu manne ya kuchagua. Kwenye mbili za kwanza unafungwa macho ili usizijue kalamu kwa rangi. Zote tatu pamoja zinachukua nusu saa hadi saa, kwa hiyo usiache boda inakusubiri nje.

Haiumi. Hakuna sindano, hakuna damu.

7. Mbona wananirudishia harufu ile ile mara nyingi, tena kali halafu hafifu?

Hiyo ndio ile sehemu ya kwanza. Kuna ngazi 16 za kuchanganya, kila ngazi nusu ya nyingine. Unapewa kalamu tatu, moja tu ina harufu, mbili tupu. Ukikosea wanapanda kwenye kali zaidi, ukipata mara mbili mfululizo wanashuka kwenye hafifu, wanapanda na kushuka hivyo mpaka wanajua mpaka wako uko wapi. Watu wanachoka na wengine wanadhani wanachezewa. Vumilia, usiseme "zote sawa tu" ili muishe haraka. Ukiwa hujui, kisia kwa uaminifu, kukisia kumeshahesabiwa kwenye kipimo chenyewe.

8. Wameninusisha kitu sijawahi kukiona maisha yangu, nikakosa. Hilo ni kosa la pua yangu?

Hapana! Na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wetu wanapoonewa na kipimo bila mtu yeyote kukusudia.

Kwenye zile kalamu 16 za kutaja kuna chungwa, ndizi, limau, nanasi, vitunguu saumu, kahawa, mdalasini, karafuu, hizo nani asizijue. Kuna na samaki, huku kwetu hiyo hakosi mtu. Lakini kuna na likorisi, mzizi mtamu ambao Wazungu wanatengenezea pipi nyeusi. Kijana wa Ulaya ameila tangu utoto. Mama wa Igoma ameiona wapi?

Nakumbuka mama mmoja muuza dagaa, alikuja baada ya mafua makali yaliyomwacha hapati harufu wiki kadhaa. Nilimshikia ile kalamu, akavuta, akanyamaza, akavuta tena. Akaniambia, "Mwanangu, harufu naisikia, tena tamutamu hivi kama dawa ya kifua ya watoto, ila jina lake sina." Kwa kanuni ya karatasi hiyo ni alama ya kukosa kama hakuchagua jibu sahihi. Ilipofika ya samaki akacheka, akasema huyu samaki, lakini sio sato wala sangara, huyu amefanyiwa kitu. Pua ile ilikuwa inafanya kazi! Kwenye kutaja alishuka, kwenye kutofautisha na kwenye harufu hafifu alikuwa vizuri tu.

Kutaja kunapima vitu viwili kwa pamoja, pua na kumbukumbu ya jina. Zile sehemu nyingine mbili hazihitaji jina lolote, ndio maana kama umepimwa kwa kutaja tu na umefeli, una haki ya kuuliza kwa adabu, "dokta, hizo nilizokosa ni zipi, na ni vitu ninavyovijua?" Nchi nyingi wameshabadilisha baadhi ya harufu na majibu ili yaendane na watu wao. Na hata bila kubadilisha kalamu, anayepima anaweza kusoma majibu kwa Kiswahili cha mtu: aseme peremende, aseme ngozi ya kiatu kipya, aseme tapentaini ile ya kuchanganyia rangi ya nyumba. Mzee wa Magu ukimsomea kwa Kiingereza kisha ukamwandika hanusi umemkosea sana.

9. Daktari alininusisha kahawa na sabuni tu akaandika. Inatosha?

Inatosha kwa kuanzia. Inaweza kuonyesha kama kuna kitu kikubwa, au kama tundu moja la pua linapata na jingine halipati (hapo anaziba moja anapima jingine). Haiwezi kuonyesha umepungukiwa kiasi gani, na ukirudi baada ya miezi mitatu hamna namba ya kulinganisha. Kwa hiyo kama tatizo linaendelea omba kipimo cha namba.

## Majibu

10. Nimeandikiwa 22. Ni nzuri au mbaya?

Kwanza uliza 22 kati ya ngapi. Kwa kalamu, kila sehemu ina 16, jumla 48. Kuanzia 30.75 kwenda juu ni kawaida, 16 kushuka chini unahesabiwa hunusi, katikati hapo umepungukiwa. Hivyo 22 kwa kalamu ni kupungukiwa.

Kwa kile kijitabu cha 40, 22 ni kupungukiwa sana, wanaume wa kawaida wanaanzia 34 na wanawake 35. Namba moja, vipimo viwili, maana hazilingani, ndio maana karatasi yako lazima iandikwe jina la kipimo. Umri nao unaangaliwa. Utafiti wa Doty wa 1984 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wa miaka 65 hadi 80 wamepungukiwa vibaya.

Ukirudia kipimo cha kalamu, jumla ikipanda pointi 5.5 au zaidi hiyo inahesabika umepata nafuu ya kweli. Ikipanda moja au mbili usisherehekee bado.

11. Baada ya hapo ndio dawa?

Kipimo kinasema kiasi, hakisemi sababu. Daktari ataingiza kamera nyembamba puani kuangalia kama kuna nyama za pua au usaha kwenye sainasi (vile vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso), na akiona haja ataomba picha ya CT skani au MRI. Nyama za pua na sainasi za muda mrefu zina matibabu, dawa za kupuliza na wakati mwingine upasuaji, na hao ni kati ya wenye bahati maana mara nyingi njia ikifunguka harufu inarudi. Pua kuziba upande mmoja tu na kutoa damu usisubiri, nenda mapema.

## Sababu zinazoulizwa sana

12. Tangu nilipougua korona sijarudi sawa.

Virusi vya mafua vilikuwa vinafanya hivyo hata kabla ya 2020, korona ndio imefanya dunia nzima ijue. Kwa wengi harufu ilirudi ndani ya wiki chache, wachache ikachukua miezi na zaidi. Habari njema ni kwamba seli za kunusa ni kati ya seli chache za fahamu zinazozaliwa upya. Ukipita mwezi bila kurudi, pimwa uwe na namba ya kuanzia, halafu anza mazoezi ya swali la 18.

13. Nilianguka na bodaboda, tangu hapo sinusi.

Nyuzi za kunusa zinapita kwenye mfupa wenye vitundu vidogo chini ya ubongo. Kichwa kikigonga, hasa kisogo, ubongo unacheza na zile nyuzi zinaweza kukatika, hata kama pua haijaguswa wala hujavunjika popote. Wengine inarudi kiasi, wengine hairudi, na mwaka wa kwanza ndio wenye matumaini zaidi. Kama baada ya ajali yanatoka puani maji yasiyo na rangi, hasa ukiinama, hayo sio mafua, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

14. Baba yetu hanusi na mkono umeanza kutetemeka. Vinahusiana?

Vinaweza. Kwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, kunusa kunapotea kwa wagonjwa walio wengi, mara nyingi miaka kabla ya kutetemeka. Mpelekeni kwa daktari wa mishipa ya fahamu na mtaje yote mawili kwa pamoja, msitaje mkono tu. Lakini kinyume chake tafadhali kisiwatie hofu: watu wengi wasionusa hawana Parkinson.

15. Mwanangu tangu azaliwe hajawahi kusema kitu kinanuka.

Wapo wanaozaliwa hivyo. Kupima mtoto wa miaka mitano sita inawezekana, kwa harufu chache na kwa picha. Akifika umri wa kubalehe na mwili haubadiliki, mwambie daktari kwamba hanusi pia, kuna hali inaitwa Kallmann inayobeba hayo mawili na inatibika kwa homoni.

16. Harufu zimerudi ila kila kitu kinanuka kama kimeungua au kimeoza.

Pole sana, hii inachosha kuliko kutonusa. Kahawa, vitunguu, nyama ya kukaanga, vinakuwa uchafu mtupu. Kwa waliougua virusi mara nyingi hutokea seli zikiwa zinaota upya na kuungana vibaya, kwa hiyo inaweza kuwa njiani kupona. Kula vitu vya baridi au vuguvugu, ugali na maziwa mgando, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), wali mtupu, vitu visivyo na mvuke mwingi. Kama unanusa kitu ambacho hakipo kabisa, tena kinakuja ghafla na kupotea, hiyo ni tofauti, mwone daktari.

## Nyumbani

17. Naweza kujipima mwenyewe?

Kujichunguza ndiyo, kupata namba hapana. Chukua vikombe vitano: karafuu, kahawa, ganda la limau, kipande cha sabuni, na kimoja kitupu. Kile kitupu usikiache, ndicho kinachokukamata kama unakisia. Funga macho, mwenzako akusogezee kwa mpangilio wake, mpumzike nusu dakika kati ya kimoja na kingine.

Usitumie jiki, amonia, dawa ya kuchua wala pilipili. Hivyo vinachoma, na mchomo unapita mshipa mwingine kabisa wa fahamu, wa tano kati ya ile 12. Mtu asiyenusa hata kidogo atashtuka kwa amonia.

18. Hayo mazoezi ya kunusa ni kitu cha kweli?

Ni cha kweli. Yalichapishwa mwaka 2009 na Thomas Hummel na wenzake Ujerumani: harufu nne, waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kila moja kama sekunde 10, wiki 12 au zaidi. Hayamponyeshi kila mtu ila yanasaidia wengi na hayana madhara. Karafuu na limau ziko sokoni, majani ya mkaratusi utayapata, waridi tafuta mafuta yake. Ukiwa unanusa jaribu kukumbuka kitu chenyewe, pilau ya sikukuu, chai ya bibi. Kosa la watu wengi ni kuacha wiki ya tatu.

19. Naosha pua kwa maji ya chumvi, ni sawa?

Sawa, ila maji yawe yamechemshwa yakapoa. Maji ya ziwani au ya bomba moja kwa moja usiingize puani kabisa, vijidudu vya kwenye maji vikipitia huko ni hatari sana hata kama ukiyanywa hayakufanyi kitu.

20. Naishi peke yangu na sinusi. Nifanyeje kuhusu usalama?

Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, ule uvundo umeongezwa makusudi ukuamshe, na wewe haukuamshi. Funga mtungi kila ukimaliza kupika, na viungio pima kwa povu la sabuni. Jiko la mkaa ndani usiku usiweke kabisa, hewa yake mbaya hata mwenye pua nzima hainusi. Mboga iliyolala na samaki wa jana mpe jirani anuse, usione aibu.

## Maswali ya pembeni

21. Mtu akidanganya ili alipwe fidia ya ajali mtagundua?

Mara nyingi ndiyo. Kwenye harufu 40 zenye majibu manne, mtu asiyenusa kabisa akikisia anapata kama 10. Anayepata 2 au 3 amezijua harufu ndipo akazikwepa. Na akisema hata amonia haimgusi, maelezo yako swali la 17. Kwa aliyeumia kweli hii ni kinga yake, karatasi yake inasimama.

22. Nimefanya kazi Mwaloni miaka mingi, kayabo (samaki wa chumvi) na dagaa sizisikii tena. Pua imekufa?

Pengine imezoea tu. Pua ikikaa na harufu moja inaacha kuipigia kelele, hata mtu wa Capri Point haisikii harufu ya nyumba yake. Angalia hivi: siku ukisafiri wiki nzima kisha ukashuka Kirumba, ile harufu inakupokea pale mlangoni? Ikikupokea, pua iko hai. Isipokupokea, na kahawa na limau nyumbani pia hamna kitu, njoo upimwe, na uje siku ambayo hujapita sokoni.